Kulipa Deni Kidogo Kidogo: Hukumu Yake na Mwenendo wa Waliotangulia

  

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kulipa kwa mkupuo mmoja, lakini wengi wetu ndivyo tulivyofahamu, na ufahamu huo umewaharibia watu mambo yao. Utamkuta mtu alikuwa akisali Isha katika msikiti wa jirani, safu ya mbele, kisha ghafla haonekani. Ukiuliza, utaambiwa siku hizi anasali msikiti wa mbali. Si kwamba imamu wa kule ana kisomo kizuri zaidi. Mwenye duka anayemdai anasali hapa, na yeye hana shilingi laki tatu za kumpa. Mfukoni ana elfu ishirini, lakini anaona haya kuzitoa. Anajiambia, "Nitampa zikitimia." Mwaka unakwisha, hazijatimia, na zile elfu ishirini zimeshakwenda kwa mambo mengine.

Kosa la ndugu huyu si umasikini, kwani umasikini si dhambi. Kosa lake ni kudhani kwamba deni hulipwa lote au halilipwi kabisa. Katika makala haya tutaeleza, inshaallah, kuwa fiqhi haikubali dhana hiyo, na kwamba kulipa kidogo kidogo kuna hukumu zake kwa pande zote mbili. Ili tusichanganyikiwe, tutamwita anayedai "mdai" na anayedaiwa "mdaiwa".

Sehemu inayowezekana

Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri, ambayo Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505) ameitaja katika Al-Ashbah wan-Nadhair, kitabu chake cha kanuni za fiqhi katika madhehebu ya Imamu Shafi. Maana yake ni kwamba mtu akishindwa na sehemu ya jambo la wajibu, ile sehemu anayoiweza hubaki shingoni mwake. Aliyekatwa sehemu ya mkono huosha kilichobaki anapotawadha. Asiyekuwa na pishi kamili ya zakatul-fitri hutoa hicho kidogo alichonacho. Hakuna aliyesema kwamba kwa vile pishi haikutimia, basi na nusu isitolewe.

Ukiipeleka kanuni hii kwenye deni, mwenye elfu ishirini ndani ya laki tatu ana wajibu wa hizo elfu ishirini, ikiwa muda wa deni umefika, mdai anazitaka na watoto nyumbani wana chakula. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuwa kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo ni dhulma. Tumezoea kuisoma hadithi hii tukiwafikiria matajiri wenye magorofa. Lakini uwezo hupimwa kwa kile ulichonacho, na aliye na uwezo wa sehemu, basi kwa sehemu hiyo hana udhuru.

Tena liko tukio lenyewe. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba mtu mmoja zama za Mtume (s.a.w.) alinunua matunda, yakapatwa na maafa, na deni lake likawa kubwa. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, lakini haikufika kiasi cha deni. Hapo akawaelekeza wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba kwa wakati ule hawana zaidi ya hicho. Angalia mambo matatu yaliyomo. Jamii ilichangia. Mdaiwa alitoa chote kilichokuwepo, ingawa hakikutosha. Na wadai wakazuiwa kumfuata kwa kile asichokuwa nacho.

Wajibu wa anayedai

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi, na akaeleza kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Kumpa nafasi mwenye dhiki ni faradhi. Kumsamehe ni sunna. Wanavyuoni wanapenda kulitaja hili kama moja katika mambo machache ambamo sunna ina ujira mkubwa kuliko faradhi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, dhiki ya mtu ikishathibiti si halali kumfunga wala hata kumwandama, yaani kumfuata huku na kule ili umuaibishe. Imamu Abu Hanifa yeye aliruhusu mdai amwandame, ingawa hamzuii kufanya kazi zake. Lakini dhiki haithibiti kwa mdomo mtupu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj kuwa aliyepokea mali, kwa mkopo au kwa kununua, kisha akadai kuwa hana kitu, anatakiwa alete mashahidi wanaoijua hali yake ya ndani. Kwa sababu mali iliingia mikononi mwake, na asili ni kwamba bado ipo.

Kuna kisa ambacho mimi hukipenda zaidi katika mlango huu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Kaab bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) deni lake ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Sauti zao zikapanda hata Mtume (s.a.w.) akazisikia naye yumo nyumbani. Akatoka, akafunua pazia la chumba chake, akamwita Kaab na kumwashiria kwa mkono kuwa apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamgeukia mdaiwa akamwamuru asimame alipe. Deni lilipunguzwa na kulipwa katika kikao kimoja, ndani ya msikiti, ule ule ambao sisi tunaukimbia kwa ajili ya deni.

Malipo ya mafungu yalikuwepo tangu zamani

Wapo wanaodhani kwamba kulipa kwa mafungu ni jambo lililoletwa na mabenki na maduka ya samani. Fiqhi ina mlango mzima unaojengwa juu yake, nao ni mlango wa kitaba: mtumwa anaafikiana na bwana wake ajinunue kwa malipo ya vipindi. Msingi wake ni Suratun-Nur, aya ya 33. Fungu moja huitwa najm kwa Kiarabu, neno lenye maana ya nyota, kwa kuwa Waarabu walikuwa wakihesabu miadi yao kwa kuchomoza kwa nyota. Mwandamo wa nyota fulani ukifika, fungu limefika.

Barira (r.a.) aliandikiana na mabwana zake kwa uqiya tisa za fedha, kila mwaka uqiya moja. Uqiya moja ni dirhamu 40, kwa hiyo jumla ni dirhamu 360 kwa miaka tisa. Alikwenda kwa Bi Aisha (r.a.) kuomba msaada, na Bi Aisha akajitolea kulipa zote mara moja na kumwacha huru. Watu hukumbuka kisa hiki kwa sababu ya hukumu ya walaa iliyomo ndani yake. Mimi nataka msomaji aitazame ile hesabu. Mwanamke asiyemiliki kitu, tena mtumwa, aliafikiana miaka tisa na hakuna aliyemcheka.

Imamu Shafi alisema kitaba haisihi isipokuwa kwa mafungu yasiyopungua mawili, kwani mtumwa hana mali na kumtaka alipe mara moja ni kumtaka asichonacho. Tena akaona ni wajibu kwa bwana kumpunguzia mtumwa kiasi fulani cha malipo hayo, kwa amri iliyomo katika aya hiyo hiyo. Imamu Malik ametaja katika Muwatta kuwa Abdallah bin Umar (r.a.) aliandikiana na kijana wake kwa dirhamu 35,000, kisha mwishoni akamwondolea 5,000, yaani sehemu moja ya saba. Ni kweli kwamba kitaba si sawa na deni la dukani, maana mtumwa angeweza kujitoa katika mapatano, na mdaiwa hawezi. Lakini roho ya mlango ule inafaa kuletwa katika milango mingine: mpangilie asiyenacho kwa kadiri atakavyopata, na fungu la mwisho uwe na huruma nalo.

Je, mapatano ya mafungu yanamfunga mdai?

Hili ni swali ambalo watu wachache huliuliza kabla ya ugomvi. Umekopeshwa laki tatu. Umeshindwa. Mmekaa, mkakubaliana elfu ishirini kila mwezi. Mwezi wa nne mdai anakuja kudai zote. Je, ana haki?

Ikiwa deni ni bei ya kitu ulichouziwa kwa mafungu tangu mwanzo, jibu ni hapana, kwa kuwa muda ni sehemu ya mauzo yenyewe. Ikiwa ni mkopo wa pesa, wanavyuoni wamekhitilafiana. Imamu Malik amesema muda uliowekwa unamfunga mdai. Katika madhehebu ya Shafi mkopo ni deni la papo kwa papo, na kukupa muda ni ahadi na ihsani, si jambo la kumlazimisha mbele ya kadhi, isipokuwa kama mdai ameweka nadhiri kuwa hatadai mpaka tarehe fulani, au ameusia hivyo. Wako masheikh wanaomwambia mdai aitamke nadhiri hiyo pale pale kwenye kikao, na mimi naona ni busara kubwa. Na hata pasipo nadhiri, ikiwa mdaiwa kweli hana zaidi ya zile elfu ishirini, ile aya ya 280 inamlinda, kuwe na mapatano au kusiwe.

Mambo haya mara nyingi huishia kwa sheikh wa mtaa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imemwekea Kadhi mipaka ya mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, na deni la walio hai halimo. Kwa hiyo sulhu ndiyo mahakama yetu, na sulhu hutaka maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqarah, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Andikeni jumla, fungu, tarehe na majina ya mashahidi. Kila fungu likilipwa liandikwe pande zote mbili. Anayelipa kwa simu asiufute ule ujumbe.

Nyumba na jasho

Fungu la mwezi litoke wapi? Hapa madhehebu yetu ina jambo linalowashangaza wanafunzi wanapolisoma mara ya kwanza. Mtu akifilisika na kadhi akamzuilia mali yake, Imamu Nawawi anasema kwa kauli iliyo sahihi zaidi kuwa hata nyumba anayokaa huuzwa. Huachiwa mavazi yanayomfaa, na yeye pamoja na wanaomtegemea huachiwa chakula cha siku ya mgawanyo. Madhehebu ya Imamu Ahmad wao humwachia nyumba asiyoweza kuishi bila yake. Lakini baada ya mgawanyo mambo hugeuka. Nawawi anasema mdaiwa halazimishwi kufanya kazi wala kujiajiri ili alipe salio, ambapo kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imamu Ahmad mwenye ufundi hulazimishwa. Wetu ni wakali kwa nyumba na wapole kwa jasho.

Asije mtu akalishika hili kama hirizi ya uvivu. Wanavyuoni wa madhehebu wamemvua mtu aliyeingia katika deni kwa maasi: huyo ni wajibu afanye kazi alipe, kwa sababu ni sehemu ya toba yake. Na hukumu ya kadhi ni kitu kimoja, na lililo baina ya mja na Mola wake ni kingine. Bukhari amepokea kuwa anayechukua mali za watu akikusudia kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia, na anayechukua akikusudia kuziangamiza, naye huangamizwa. Anayekusudia kulipa huonekana kwa mshahara wake na kibanda chake, si kwa viapo vyake.

Basi hesabu huanzia kwenye nafaka. Chakula cha mke na watoto, kodi na matibabu ni vya mbele. Kinachobaki, hata kikiwa shilingi elfu tano, ndicho fungu. Ni afadhali fungu dogo linalofika kila mwezi kuliko kubwa linalofika mara mbili na kukatika, kwa sababu la pili humfanya mdai aamini kuwa unamchezea.

Wadai wakiwa wengi, fiqhi inayo mizani yake. Tuchukulie mtu anadaiwa 900,000: duka 150,000, nduguye 300,000, na fundi aliyemjengea 450,000. Anaweza kutenga 60,000 kwa mwezi. Akifuata njia ambayo kadhi huifuata kwa aliyefilisika, yaani kila mdai kwa uwiano wa deni lake, duka litapata 10,000, ndugu 20,000 na fundi 30,000, na wote watamaliza pamoja katika mwezi wa 15. Ambaye hajazuiliwa mali na kadhi halazimiki kufuata uwiano. Anaweza kumaliza duka kwanza katika miezi miwili na nusu ili apunguze milango anayoikwepa. Mimi ningemwanza fundi, kwa kuwa ule ni ujira wa jasho lake, na Mtume (s.a.w.) amesimulia kutoka kwa Mola wake, kama alivyopokea Bukhari, kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Ndugu huweza kuombwa asubiri. Fundi ana vibarua wanaomdai yeye.

Na hapa lazima tuseme jambo lisilopendeza. Imamu Nawawi amesema katika Minhaj kuwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni haramu mtu kutoa sadaka ya kile anachokihitaji kwa nafaka ya anaowajibika kwao, au kwa deni ambalo hatarajii kulilipa kwa njia nyingine. Ikiwa sadaka yenyewe ni hivyo, itakuwaje michango ya harusi, sare za maulidi na karamu za kufuta aibu? Watu hukopa harusi wakalipa matanga. Mwenye deni akiambiwa kadi ya mchango ni laki moja, ana haki ya kusema hana, na wala asione haya kwa waandalizi kuliko anavyomwonea haya fundi.

Kupunguza, kuongeza, na mikopo ya kausha damu

Wakati mwingine mdaiwa hupata pesa kidogo za ghafla, akamwambia mdai, "Nipunguzie, nikulipe salio leo kabla ya muda wake." Jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne walilizuia hili likiwa ni sharti, wakiona ni kuuza muda. Ibn Abbas (r.a.) aliliruhusu, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wakaelekea huko. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa inafaa ikiwa haikutokana na mapatano ya awali, na ikiwa jambo liko baina ya mdai na mdaiwa tu bila ya mtu wa tatu.

Kuongeza ni kinyume chake. Baraza hilo hilo mwaka 1990 lilikwisha kuamua kuwa mnunuzi wa mafungu akichelewa haifai kutozwa ziada yoyote, hata kama aliikubali tangu mwanzo, kwa kuwa ni riba. Ambapo wenzetu wengi leo wamo katika mikopo ya simu na ile ambayo watu wenyewe, kwa usemi uliosadifu, wameiita kausha damu. Rasilimali uliyochukua ni deni la haki. Ile ziada sheria haimpi mdai, lakini ulitia saini na mamlaka ya nchi huenda yakakutoza. Kwa huyu ile mizani ya uwiano haifai. Deni linalojizidisha lisimamishwe kwanza, hata kwa kuwaomba wadai wa halali subira ya miezi michache, au kwa ndugu kumkopesha kwa karadha njema auondoe mkopo ule mzima. Fungu dogo kwa deni linalokua haraka kuliko fungu lenyewe ni maji kwenye pakacha.

Deni la aliyekufa

Salio lililobaki mtu anapokufa hutolewa katika mali yake kabla ya wasia na mirathi, kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 11. Ndugu wengi hugawana viti na vyombo wiki ya arubaini, wakaliacha daftari la dukani.

Zubeir bin al-Awwam (r.a.) aliuawa siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria (656). Bukhari ameeleza kisa chake kwa urefu. Watu walikuwa wakimletea amana, naye hukataa kuzipokea kama amana, akataka ziwe deni juu yake, kwa kuhofia zisije zikapotea bila ya dhamana. Aliacha ardhi, hakuacha dinari wala dirhamu. Mwanawe Abdallah akalihesabu deni, akalikuta ni 2,200,000. Hakim bin Hizam alipomuuliza ndugu yake anadaiwa kiasi gani, Abdallah akaficha, akasema laki moja. Hakim akaona hata hizo ni nyingi mno kwa mali yao. Abdallah akaanza na shamba la al-Ghaba, ambalo babake alilinunua kwa 170,000. Akalikadiria kuwa 1,600,000, akaligawa katika hisa 16 za laki moja moja, akawa anauza hisa na kulipa.

Madeni yote yaliyojulikana yalipokwisha, ndugu zake walimtaka awagawie mirathi. Akakataa. Kila msimu wa Hija alisimama akinadi kwamba mwenye deni kwa Zubeir aje alipwe. Alifanya hivyo miaka minne. Ilipopita minne hakuna aliyekuja, ndipo akagawa.